Naomba ushauri: nataka kujifunza kuediti picha kwenye kompyuta, sijui hata pa kuanzia (nipo Mtwara)

Binti_Chikongola
Wakuu habari za jioni, Mtwara kuchele! Naombeni msaada na msinicheke maana wiki hii nimeshachekwa vya kutosha. Mimi nilianza na picha za pasipoti kwenye steshenari ya shangazi, msimu wa korosho ulivyoisha baba akaniongezea hela nikachukua Canon ya mtumba, basi watu wakaanza kuniita kwenye shughuli zao. Jumamosi nikapata harusi, maharusi wakataka picha ufukweni Mikindani, saa saba mchana jua la utosi, bahari nyuma yao inameremeta. Kwenye kioo cha kamera nikaona poa tu. Kufika nyumbani sura nyeusi tii, hata pua huioni. Nikaingia kwenye simu nikavuta mwanga mpaka mwisho, kanzu ya bwana harusi ikapotelea angani ikabaki kofia na kichwa, bibi harusi akawa kama kapakwa majivu. Mama yake kanipigia, "mbona mwanangu umemtoa kama mzuka?" Wamenipa 40,000 kwenye 80,000 tuliyopatana na sina ubavu wa kudai.

Sasa kaka kaniachia laptopu yake ya zamani, RAM 4GB. Sijawahi kufungua programu ya kuediti hata siku moja. Kuna fundi anasema ananiwekea Photoshop ya kukraki kwa 15,000. Nimpe? Intaneti natumia bando la simu.

Pweza_Mkavu
Mpe hiyo hela uanze kazi, mengine utajifunzia YouTube. Mjini hapa nani ananunua?

Mzee_wa_Ligula
Dada usimpe. Mimi niliwekewa hivyo hivyo, fundi akazima antivirasi "ili ikubali", haikuisha mwezi kila flashi ya mteja ikichomekwa mafolda yanapotea, nikaanza kugombana na watu kwa kosa la laptopu. Halafu Photoshop za sasa zinaanzia RAM 8GB, hiyo yako itaganda mpaka uchemshe chai unywe urudi. Halali yake ni kulipia kila mwezi, kwa kazi ya kuanza haikulipi. Tafuta GIMP, ni ya bure kabisa, unashusha mara moja halafu unafanya kazi bila bando. Ukitaka kujaribu kabla ya kushusha ipo Photopea, inafunguka kwenye brauza na sura yake imefanana sana na Photoshop. Ina matangazo pembeni ila picha yako haipandi mtandaoni, inafanyiwa kazi humo humo kwenye mashine yako, kwa hiyo bando haliliwi sana.

Pweza_Mkavu
Haya mzee, watu wa halali.

Jini_la_Shangani
Simu inatosha bana, Snapseed hiyo hapo bure. Kompyuta za nini

Mama_Studio_Masasi
Jini, Snapseed nzuri na mimi natumia, lakini binti kaomba kompyuta mjibuni alichoomba.

Mwanangu, hiyo picha ingeharibika hata ungekuwa na Photoshop ya kulipia. Ulichofanya ni kunyanyua mwanga wa picha nzima kwa pamoja, sura imepanda na bahari nayo imepanda wakati ilikuwa imeshajaa mwanga. Na weusi ukiunyanyua wote unageuka kijivu, ndiyo hayo majivu aliyoyaona mama mtu. Kwa hiyo usianze kwa kukariri vitufe vyote, utachoka siku ya kwanza. Chukua hiyo hiyo picha iliyokutia aibu ujifunzie.

Weka GIMP, fungua picha, ile ya asili uwe umeihifadhi pembeni usiiguse. Pembeni kulia utaona picha yako imekaa kama leya moja, bonyeza kulia chagua Duplicate Layer, sasa unazo mbili zimelaliana kama kanga mbili. Ukiwa kwenye ya juu nenda menyu ya Colors, halafu Curves. Utaona mstari wa mshazari ndani ya kiboksi. Kushoto ndiko kwenye giza, kulia kwenye mwanga. Shika mstari karibu na robo ya kutoka kushoto uunyanyue kidogo, KIDOGO, ile ncha ya chini kabisa kushoto iache palepale ili nywele na nyusi zibaki nyeusi. Angalia sura, usiangalie bahari. Bahari itaungua, yaani itakuwa nyeupe tupu, iache iungue.

Ukimaliza rudi kwenye hiyo leya ya juu, bonyeza kulia, Add Layer Mask, chagua nyeupe. Hapo ndipo watu wengi wanakata tamaa na ndipo utamu ulipo. Chukua brashi laini, rangi nyeusi, pitisha kwenye bahari na kwenye kanzu. Kila unapopaka nyeusi leya ya juu inajificha na ya chini inachungulia, kwa hiyo bahari inarudi ilivyokuwa na sura zinabaki na mwanga mpya. Ukikosea bonyeza X rangi igeuke nyeupe, upake tena, panarudi. Hakuna kilichofutwa hapo, ndiyo maana naipenda.

Na usimng'arishe mtu akawa rangi si yake. Hapa kwetu kuna wateja wanaomba wawe weupe, mimi nakataa, kesho ndugu zake wakiuliza huyu nani nitajibu nini?

Siku nyingine saa saba usipeleke mtu mchangani, tafuta kivuli hata cha mwembe, au washa flashi ya kamera hata kama jua linawaka. Na hiyo Canon iweke kwenye RAW, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoiona, utajaza kadi haraka lakini giza linanyanyuka vizuri kuliko JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa. Hapo patahitaji programu kama darktable au RawTherapee kuifungulia, ila hayo ya mwezi ujao.

Binti_Chikongola
Shikamoo mama, asante sana. Nashusha GIMP sasa hivi, bando la usiku.

Binti_Chikongola
Narudi wakuu, siku ya tatu leo. Jamani sura zimetoka! Mpaka hina ya mkononi inaonekana. Ile maski ilinitesa saa nzima, kumbe nilikuwa napaka juu ya picha yenyewe badala ya maski, bibi harusi akawa na doa jeusi shavuni, nikapiga kelele mpaka shangazi akaja. Lakini nimesevu nikapeleka kwenye flashi kusafisha, jamaa wa mashine anasema faili halifunguki, limeandikwa XCF.

Mzee_wa_Ligula
Hahaha kila mtu amepita hapo. Ukisevu GIMP inaweka XCF, hiyo ni ya kwako ya kuendelea na kazi, leya zote zimo. Ya kupeleka nje nenda File, Export As, jina limalizie na .jpg. Na kwa saizi ya 4 kwa 6 hakikisha picha ina pikseli 1200 kwa 1800 au zaidi. Mteja akitaka kwa WhatsApp mtumie kama dokyumenti, ukituma kama picha inabanwa na kazi yako yote inavurugika.

Binti_Chikongola
Nimesafisha moja ya majaribio, imetoka na giza kuliko kwenye laptopu. Nirudie tena Curves?

Mama_Studio_Masasi
Mwanga wa kioo cha laptopu umeuweka mpaka mwisho eeh? Rudisha nusu, kaa nayo ndani mbali na dirisha, iweke hiyo iliyosafishwa pembeni ya kioo ulinganishe. Ndipo uguse Curves.

Binti_Chikongola
Ulikuwa mwisho kabisa mama 😂 Ngoja nirudie. Hizi nataka nimpelekee mama bibi harusi mwenyewe mkononi, ile 40,000 siitaji, nitakaa tu pale barazani nimwangalie anavyozifunua.

Pweza_Mkavu
Ukiwekewa chai usiondoke.