Mabehewa ya reli ya mita moja juu ya reli ya mezani ya milimita 16.5: nichague uwiano gani, na kwa nini yanaruka reli?

Mwanareli wa Changamwe ameuliza:

Salamu kwenu wanajukwaa. Ninajenga reli ya mezani katika chumba cha ziada nyumbani, na nia yangu ni kuonyesha stesheni ndogo ya njia ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi, jinsi ilivyokuwa katika miaka ya mwisho ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki kabla halijagawanyika mwaka 1977. Nimenunua reli zenye upana wa milimita 16.5 kati ya chuma kimoja na kingine, pamoja na kichwa cha dizeli cha uwiano wa 1:87 (yaani kila kipimo halisi kimegawanywa kwa 87), kwa kuwa ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi. Mabehewa ninayajenga mwenyewe kwa bapa nyembamba za plastiki, kwani sijaona kiwanda kinachouza mabehewa yetu yakiwa tayari.

Nimekwisha kumaliza behewa moja la kufunikwa na moja la wazi, yote ya bogi mbili (fremu ndogo za magurudumu zinazogeuka chini ya behewa), na nina mambo mawili yanayonitatiza. La kwanza ni la macho: nimefuata uwiano wa 1:87 kwa uangalifu, lakini behewa likisimama juu ya reli linaonekana kana kwamba limetanua miguu. La pili ni la mwendo: yakivutwa kwenye njia iliyonyooka hayana neno, ila yakisukumwa kupita kwenye pointi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, bogi ya mbele hupanda juu ya ukingo wa reli na behewa huanguka. Kabla sijaanza kubandika ribiti (vile vichwa vya misumari inayoshikanisha bati), ngazi na vishikio, ningependa kujua iwapo niendelee na uwiano huu au niuache, na ni kitu gani hasa kinachoyaangusha. Pia, mwenye mbinu ya kupata rangi ya behewa lililochakaa kwa jua na vumbi la Voi, naomba asinifiche.

Hesabu Kwanza amejibu:

Ndugu Mwanareli, macho yako hayakudanganyi. Ukizidisha milimita 16.5 kwa 87 unapata takriban milimita 1,435, na huo ndio upana wa reli mpya ya SGR iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, si wa reli ya zamani, ambayo upana wake ni milimita 1,000. Kwa maneno mengine, umeweka kiwiliwili cha behewa la njia ya zamani juu ya magurudumu ya njia mpya, na ndiyo maana unaona miguu imetanuka.

Una njia tatu, na hakuna hata moja isiyo na gharama. Unaweza kubaki na 1:87 na kubadilisha reli ziwe za milimita 12, kwa sababu mita moja ikigawanywa kwa 87 ni milimita 11.5, na tofauti hiyo ya nusu milimita hakuna mgeni atakayeiona. Wapenzi wa reli nyembamba za Uswisi wanatumia mpangilio huohuo, kwa hiyo magurudumu na pointi zinapatikana, ingawa bei zake zinauma. Njia ya pili ni kubaki na reli ulizonazo na kukuza mabehewa hadi 1:64. Hapo mita moja inakuwa milimita 15.6, kwa hiyo reli yako itakuwa imezidi kwa chini ya milimita moja, jambo ambalo mimi ningelikubali bila kusita. Atakayetaka kujenga mabehewa ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, atafurahi zaidi na uwiano huu, kwani upana wake wa milimita 1,067 ukigawanywa kwa 64 ni 16.7. Njia ya tatu ni kuiacha reli ya zamani na kujenga SGR, lakini umesema unataka miaka ya kabla ya 1977, kwa hiyo sitaizungumzia zaidi.

Ushauri wangu ni 1:64, ila uyajue matokeo yake. Kichwa chako cha 1:87 kitaonekana kama cha mtoto mbele ya mabehewa hayo, kwa hiyo itakubidi ukivue bodi na kukijengea nyingine kubwa zaidi juu ya injini ileile. Pili, urefu unaongezeka: behewa la mita 12 ambalo katika 1:87 lina milimita 138 litafikia milimita 187. Ikiwa kona zako ni zile kali za nusu kipenyo cha milimita 371 zinazouzwa pamoja na seti za kuanzia, na umbali kati ya vitovu vya bogi ni milimita 125 hivi, basi katikati ya behewa itaingia ndani ya kona kwa zaidi ya milimita 5, na jukwaa la stesheni lililojengwa karibu litakwanguliwa. Kona ya milimita 600 hupunguza hali hiyo hadi milimita 3 na kidogo. Pima chumba kabla hujakata plastiki.

Mama Pointi amejibu:

Nakubaliana na hesabu za ndugu hapo juu, lakini kuanguka kwa mabehewa hakutaponywa na uwiano, na hata ukihamia 1:64 kesho, behewa lililojengwa vilevile litaanguka vilevile. Ukweli kwamba linaanguka likisukumwa na si likivutwa unatuonyesha pa kutazama, kwani kuvuta hulinyoosha behewa, ilhali kusukuma hutoa nje kila kasoro iliyokuwa imejificha.

Anza na magurudumu yenyewe. Chukua kalipa (kifaa cha kupimia unene na nafasi ndogo) upime umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili yaliyo kwenye ekseli moja. Kwa reli ya milimita 16.5 unatakiwa upate kati ya milimita 14.4 na 14.5. Magurudumu yaliyokaribiana kuliko hapo hubana kwenye reli za ulinzi za pointi, vile vipande vifupi vinavyoongoza magurudumu, na kuinuliwa nazo, na yaliyoachana kupita kiasi hugonga ncha ya pale reli mbili zinapokatana badala ya kuipita pembeni. Kwa kawaida gurudumu husogezwa kwa kulizungusha taratibu juu ya ekseli huku ukivuta au kusukuma, kisha unapima tena pande tatu za duara, kwa sababu gurudumu lililokaa mshazari hupima sawa upande mmoja na vibaya upande mwingine.

Baada ya hapo angalia jinsi bogi zilivyofungwa, na nina shaka kubwa kwamba tatizo lako liko hapa. Watu wengi hukaza skrubu zote mbili kwa nguvu sawa, na behewa linakuwa na miguu minne migumu juu ya reli ambayo haikunyooka kikamilifu hata siku moja. Kaza skrubu ya bogi moja mpaka iweze tu kugeuka kushoto na kulia bila kuyumba, halafu legeza ya bogi ya pili kiasi kwamba, ukiishika kwa vidole, inayumba kidogo pande zote. Sasa behewa limesimama juu ya nukta tatu, kama stuli ya miguu mitatu ambayo haichezi hata sakafu ikiwa na mabonde. Likikaa hivyo, weka kipande cha karatasi chini ya gurudumu moja. Mengine yote yanapaswa kubaki yamegusa reli.

Kisha liko suala la uzito. Chama cha Marekani cha wapenzi wa reli za mezani, NMRA, kilichoanzishwa mwaka 1935, kina kanuni kwa mabehewa ya 1:87: gramu 28 za kuanzia, na gramu 14 kwa kila milimita 25 za urefu. Kwa behewa lako la milimita 138 hiyo ni kama gramu 105, na behewa tupu la plastiki huwa halifikii hata nusu yake. Kwa 1:64 mimi huitumia kanuni hiyohiyo kama mwanzo tu, na kwa milimita 187 inatoa gramu 130 hivi. Nati za chuma zilizobandikwa juu ya sakafu, kwa usawa kati ya bogi mbili na chini kadiri inavyowezekana, zinatosha kabisa. Risasi ni nzito zaidi, lakini ni sumu, na katika nyumba yenye watoto siioni sababu ya kuileta mezani. Behewa la wazi ndilo lenye usumbufu, kwani hakuna pa kuficha nati. Ama uliwekee mzigo wa kudumu, ama ubandike bati jembamba chini ya sakafu kati ya mihimili.

Mwanareli wa Changamwe ameandika:

Mama Pointi, asante sana. Nimelegeza bogi ya nyuma na behewa la kufunikwa limepita kwenye pointi likisukumwa bila kuanguka, ingawa lile la wazi bado linaruka mara mojamoja kwa wepesi wake. Uwiano nimeamua uwe 1:64. Sasa nangojea wa rangi na ribiti.

Fundi wa Kutu amejibu:

Kwa kuwa unaanza kiwiliwili upya, hesabu mambo kabla ya kuyabandika. Kichwa cha ribiti chenye milimita 20 kwenye behewa halisi kinakuwa milimita 0.3 katika 1:64. Ribiti nyingi ninazoziona kwenye mabehewa ya mezani ni nene mara mbili au tatu ya hapo, na behewa linaonekana limetoka vipele. Kata ubavu wa kopo la soda, ulaze juu ya kadibodi ngumu, kisha ubonyeze kwa upande wa nyuma na sindano iliyopunguzwa makali kwa msasa, ukifuata rula. Vipande hivyo ndivyo unavyobandika juu ya plastiki. Vishikio na vipandio vya ngazi hutoka vizuri kwenye uzi wa kwanza, wa chuma, wa gitaa la umeme, wenye unene wa takriban milimita 0.25, ila vaa miwani unapoukata kwa sababu kipande huruka kwa kasi. Behewa la kufunikwa usilizibe kabisa: toboa matundu mawili sakafuni ili mvuke wa gundi utoke, la sivyo kuta zitajikunja miezi kadhaa baadaye, ukiwa umekwisha kulipaka rangi.

Koplingi, yaani kiunganishi cha behewa na behewa, usiichukue kwenye vifurushi vya mabehewa ya Uingereza yenye bafa (vizuia mgongano) mbili za pembeni. Mabehewa yetu yalishikana kwa koplingi moja ya katikati, na zile za chapa ya Kadee zenye umbo la ngumi zinakaribiana nayo zaidi. Hakikisha zote ziko kimo kimoja, maana iliyo chini huinua mwenzake wakati wa kusukuma, na huenda hilo ndilo linalolisumbua behewa lako la wazi kuliko huo wepesi wake.

Kuhusu rangi, mbinu nyingi zilizoandikwa zinatoka nchi za mvua na makaa ya mawe, kwa hiyo huishia na masizi meusi kila mahali. Njia ya kupita Mackinnon Road, Voi na Mtito Andei inataka wekundu. Paka praima (rangi ya kutangulia), kisha rangi ya msingi uliyoififisha kwa tone la nyeupe, kwani jua hula paa kabla ya kuta. Kutu iweke kwa ncha ya sifongo kwenye viungo vya bati, kingo za milango na mahali mzigo ulipogonga, si kila pahali. Sehemu ya chini, kuanzia mihimili hadi bogi, ipate unga mwekundu wa rangi uliokolea karibu na magurudumu na kufifia kadiri unavyopanda ukutani. Ukiamua kutumia udongo halisi, uchekeche kwa soksi nyembamba ya nailoni, na kabla ya kuupaka upitishie sumaku iliyofungwa kwenye karatasi mara kadhaa, kwa sababu udongo mwekundu una chembe za chuma, na chembe hizo zikidondoka kwenye reli huvutwa na sumaku ya mota ya kichwa chako na kuisaga. Malizia kwa vanishi isiyong'aa, uipulize kwa mbali, kwani ikilowa sana vumbi lote litatoweka ndani yake na itakubidi upake tena.