Vibao vya hospitali vimeandikiwa nani?

Wadau, mwezi uliopita nilimpeleka mama katika hospitali moja kubwa ya rufaa. Daktari akamwandikia karatasi ya kwenda kupimwa ultrasaundi. Kibao cha mlangoni kilisema "Radiology and Imaging". Mama anasoma, gazeti analimaliza lote, ila mlango ule tuliupita mara mbili. Ramani ya ukutani nayo ilituzungusha: kaskazini imewekwa juu, wakati msomaji amesimama anatazama kusini, kwa hiyo kushoto kwenye ramani ni kulia kwenye korido. Na mama goti lake ni bovu.

Kilichonigusa zaidi ni dirisha la dawa. Juu kuna kibao cha chuma, "Pharmacy". Chini yake karatasi imebandikwa kwa selotepu, pembe zimejikunja, imeandikwa kwa kalamu nene: DAWA ZA WAGONJWA WA NJE CHUKUA HAPA. Mhudumu kachoka kuulizwa, kaandika mwenyewe. Kwangu mimi zile karatasi ndizo vibao halisi. Anayepewa tenda ya vibao aanze kwa kuzunguka jengo akizisoma, kisha amuulize mlinzi wa getini anaulizwa nini kutwa.

Msimamo wangu: Kiswahili juu kwa herufi kubwa, Kiingereza chini kwa ndogo, mchoro pembeni. Metro ya Mexico City, yaani treni za mjini, ilipofunguliwa mwaka 1969, kila kituo kilikuwa na alama yake ya picha, hata asiyejua kusoma ajue pa kushukia. Mnaonaje?

*Jibu:* Mimi ni muuguzi, na hapo napinga. Fomu zetu tunajaza kwa Kiingereza. Mgonjwa ameshika karatasi ya "Radiology", kibao kinasema "Mionzi": umempoteza upya. Tena kwa wengi mionzi ni tiba ya saratani. Nimewahi kumtuliza mama mmoja aliyelia mlangoni akidhani amefichwa ugonjwa, kumbe kaja kupiga eksirei ya mkono.

*Mleta mada:* Dada, hilo sikuliwaza, na nakubali. Basi "Mionzi" lisiandikwe. Getini watu wanauliza, "Pa kupigia picha ni wapi?" Kiandikwe hivyohivyo: KUPIGA PICHA, EKSIREI NA ULTRASAUNDI. Mlango upewe namba kubwa, tuseme 4, na daktari aizungushie 4 hiyohiyo kwenye fomu. Lugha ya fomu ibaki yenu. Hapo bado unapinga?