Mama ana sukari, miguu imekufa ganzi, na kila usiku anaikanda kwa maji ya moto

Binti wa Wete:

Assalaam alaykum. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kuuguza mtu mwenye maradhi ya sukari. Mama yangu ana umri wa miaka 63, hakosi kliniki na vidonge vyake anameza kwa wakati, lakini tangu mwaka jana miguu yake imekufa ganzi, na anasema akikanyaga sakafu huhisi kama amevaa soksi nene. Kila usiku huikanda kwa maji ya moto yenye chumvi, kama wazee walivyozoea, kwa imani kwamba joto linamrejeshea hisia. Juzi nilipokuwa nikimpaka mafuta niliona sugu chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, ngumu na ya manjano, yenye doa jeusi katikati. Niliibonyeza wala hakushtuka. Akaniambia nilete wembe niichonge, maana haimuumi. Sikukubali. Je, maji ya moto yana faida yoyote kwake? Sugu hiyo iondolewe na nani? Na je, ni kweli, kama anavyodai jirani yetu, kwamba kutawadha mara kwa mara kunaiharibu miguu ya mwenye sukari?

Muuguzi Mstaafu, Chake Chake:

Waalaykum salaam, mwanangu. Umefanya vyema sana kuukataa wembe. Doa jeusi ndani ya sugu mara nyingi huwa ni damu iliyovilia chini ya ngozi, na maana yake ni kwamba huenda kidonda kimeshaanza huko ndani huku sugu imekifunika. Mpeleke hospitali kesho, usisubiri tarehe yake ya kliniki, na usiweke juu yake ile dawa ya maji ya kuondolea sugu inayouzwa madukani, kwa sababu ina asidi inayoichoma ngozi ambayo haisikii.

Sukari inapokaa juu kwa miaka mingi huidhuru mishipa ya fahamu, na mirefu zaidi ndiyo hutangulia kuumia, ndiyo sababu ganzi huanzia vidoleni. Mishipa hiyo ndiyo pia inayoongoza misuli midogo ya unyayo na utokaji wa jasho. Ikidhurika, vidole hujikunja, uzito wa mwili huangukia mahali pamoja, ngozi hukauka na kupasuka magaga. Mahali panapokandamizwa kila hatua huota sugu, kisha sugu yenyewe huzidi kukandamiza nyama iliyo chini yake. Mwenye hisia angechechemea na kuupumzisha mguu, ila mama yako hana kinachomwambia apumzike. Daktari Paul Brand, aliyewatibu wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, alionyesha kwamba miguu yao haikuwa ikioza yenyewe, bali ilijeruhiwa kwa sababu maumivu yaliyopaswa kuilinda yalikuwa yametoweka. Funzo hilo linatumika leo kwa wagonjwa wa sukari: hata dawa iwe nzuri namna gani, kidonda cha unyayo hakiponi ikiwa mgonjwa anaendelea kukikanyaga.

Maji ya moto yaachwe kuanzia usiku huu. Hayarejeshi hisia, na mgonjwa anaweza kuungua asitambue mpaka aone malengelenge. Aoshe kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi joto 37, na anayeyapima awe wewe, si yeye, kwa kuwa hata mikono yake huenda imepungua hisia. Asiloweke miguu kwa muda mrefu.

Kuhusu kutawadha, jirani yenu amekosea. Kinachodhuru ni unyevu kubaki baina ya vidole, ambako fangasi huota na ngozi ikachanika. Afute kwa kitambaa kikavu kila baada ya udhu, na apake mafuta kwenye nyayo na visigino lakini si baina ya vidole. Wala sijui nafasi nzuri zaidi ya kuikagua miguu kuliko hiyo. Asipoweza kuinama, weka kioo sakafuni auone unyayo wake.

Kuna kipimo mnachoweza kukifanya nyumbani, kilichobuniwa na madaktari wa hospitali ya Ipswich, Uingereza. Mama alale, afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, sekunde moja au mbili tu, bila kubonyeza wala kupapasa: kidole gumba, cha kati na cha mwisho, katika kila mguu. Kila akisikia aseme ni kulia au kushoto. Asiposikia pawili au zaidi kati ya hapo 6, hisia zake zimepungua kiasi cha kuhatarisha miguu.

Mkaazi wa Fuoni:

Naongeza jambo ambalo watu huliona dogo. Ami yangu aliamka alfajiri akakuta damu kwenye shuka. Panya alikuwa amemtafuna kidole cha mguu usiku, naye hakusikia lolote. Alipelekwa hospitali asubuhi ileile, na kidole kikapona. Nilidhani ni kioja chetu peke yetu, kumbe madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa sukari walioumwa na panya miguuni. Mama alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.

Fundi Viatu, Darajani:

Kwa mtu asiye na hisia, ndara na makubadhi yenye gidamu inayopita baina ya vidole hayafai, kwani gidamu husugua na kukata. Mtafutie kiatu kipana cha mbele, chenye mkanda wa kubana na soli nene, kirefu kuliko mguu wake kwa sentimita 1 hadi 2. Asikuambie kinamtosha kwa kusikia tu, kwa sababu mguu wenye ganzi hupenda kiatu cha kubana. Mchoree unyayo juu ya boksi akiwa amesimama, wakati wa jioni ambapo miguu imevimba kidogo, ukate, uje nao dukani uutie ndani ya kiatu. Na kabla ya kuvaa, atie mkono ndani au akikung'ute.

Binti wa Wete:

Shukrani nyingi, mama, na nyote mliojibu. Kati ya sehemu 6 hakusikia 4. Hospitali waliichonga sugu wakakuta kidonda kidogo chini yake. Kimesafishwa, na ameamriwa asiukanyagie mguu huo. Karafuu tutaanika sisi. Sasa hoja yake ni bendeji: hataki kuswali bila udhu kamili.

Muuguzi Mstaafu, Chake Chake:

Alhamdulillah kimewahiwa. Bendeji isilowane. Fiqhi ina mlango wake wa kupangusa juu ya bendeji na wa kutayamamu, kwa hiyo mwiteni sheikh wa msikiti wenu amweleze mwenyewe, maana atamsikiliza yeye kuliko sisi. Mkiona wekundu unatanda, uvimbe, harufu, au akipata homa, rudini siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku.