Naomba ushauri: shangazi anapika waragi (pombe kali ya kienyeji), nami nimeingiwa na hofu

Habari zenu wakubwa. Niko Kasese. Juzi mpwa wangu wa kidato cha nne aliniuliza kwa nini pombe mwalimu anaiandika C2H5OH badala ya C2H6O tu. Nikamwambia atomu ni zilezile: kaboni 2, hidrojeni 6, oksijeni 1. Ila mpangilio ndio kila kitu. Ukiiweka ile oksijeni katikati ya kaboni mbili, hupati pombe tena, unapata gesi. Kijana akaridhika.

Baadaye nilikosa usingizi. Shangazi yangu anapika waragi ya ndizi (na ni tamu, sikatai). Nikakumbuka methanoli, CH3OH, aina nyingine ya alkoholi iliyopungukiwa kaboni moja na hidrojeni mbili tu, lakini mwilini inageuka asidi inayopofusha macho na kuua. Mnakumbuka Kabale mwaka 2010, watu walivyokufa kwa waragi iliyochanganywa nayo.

Shangazi humwaga matone ya kwanza, anasema ndivyo alivyofundishwa. Najua methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 na pombe yenyewe 78, lakini nimesoma kwamba hazitengani kikamilifu. Kwa kuonja huwezi kuzitofautisha.

Sasa wenye ujuzi wa maabara: kuna kipimo cha bei nafuu cha kuaminika, au lazima sampuli ipelekwe Kampala? Halafu hili ndilo gumu zaidi: nimwambieje mama mtu mzima, aliyenilipia karo kwa waragi hiyohiyo, asione namdharau?