Hela iliyopita kwenye simu yangu SIYO mauzo! Sisi tunaouza mtandaoni Mwanza tunakamuliwa kodi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Atakayeona napiga kelele anivumilie.

Nauza viatu vya mtumba. Sina duka. Nadamka saa kumi na moja, nawahi soko la Mlango Mmoja belo za mtumba zikifunguliwa, nachambua pea kumi, kumi na mbili, narudi Igoma kuosha, kugundisha na kupiga picha. Zinapanda status na kwenye magrupu ya Facebook. Mzigo wa Geita naupakia kwenye basi, wa Ukerewe unapanda meli ya Nansio. Hela inaingia kwenye simu. Mwaka wa tatu huu.

Mwaka huu shetani gani sijui akanishawishi nirasimishe. Nilitaka fremu, na leseni bila TIN hupati. Nikachukua TIN, namba ya mlipa kodi (ni bure, msitapeliwe), halafu nikamlipa jamaa mmoja anayejiita mshauri wa kodi 50,000 anifanyie makadirio ya kodi. Akaomba taarifa ya miamala ya mwaka mzima. Nikampa. Akajumlisha kila kilichoingia, milioni 14.6, akaandika "mauzo", akapeleka TRA, mamlaka ya mapato! Kodi ni asilimia 3.5 ya hiyo, yaani 511,000. Awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, kila moja 127,750. Na ukishavuka milioni 11, mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, nayo inakuhusu.

Milioni 14.6 ni mauzo ya nani? Mimi ni mweka hazina wa kikoba. Milioni 4.1 ni hisa za akina mama wa mtaani. Milioni 1.8 alituma kaka yangu, mvuvi wa dagaa huko Ukerewe, ada na matumizi ya wanawe wanaokaa kwangu. Laki tano ni hela yangu mwenyewe, niliitoa kwa wakala nikairudisha. Ondoa hizo, inabaki 8.2. Kwa milioni 8.2, mwenye kumbukumbu analipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Piga mwenyewe: 126,000. Asiye na kumbukumbu kabisa kwenye daraja hilo, 250,000. Kwa hiyo mimi mwenye kauntabuku tatu zilizojaa nimepigwa mara mbili ya asiyejua hata alichouza jana!

Jamaa nilipomrudia akanijibu, "Dada, mfumo unasoma hela." Bora ningeenda kuongea na lile jiwe la Bismarck pale ziwani.

Halafu mnatuambia tutunze risiti. Risiti ipi? Pale belo linapopasuliwa watu wanagombania kama kuku kwenye mtama, nimshike nani nimwombe risiti? Atanicheka, na pea yangu itakuwa imeshachukuliwa.

Na hata hiyo milioni 8.2 ni mauzo ghafi, siyo faida. Pea ya 25,000 nimeinunua 18,000, gundi na dawa ya viatu 1,000, bodaboda 2,000. Kilichobaki ni 4,000, bado bando. Mteja akirudisha kwa sababu "namba ndogo", nimekula hasara, na mauzo yameshasomeka. Najua yupo atakayekuja kusema sheria inaruhusu kuomba utozwe kwa faida. Sawa mkuu, mhasibu utanilipia wewe?

Tangu 2022 kampuni za nje zinazotoa huduma za kidijitali zinatozwa asilimia 2 ya mapato yanayotoka hapa kwetu. VAT wanalipa, najua. Lakini mwenye jukwaa asilimia 2, muuza mtumba aliye juu ya jukwaa lake asilimia 3.5, hiyo hesabu ilifanyiwa wapi? Mwishoni mwa 2018 vilipotoka vile vitambulisho vya wajasiriamali, mmachinga wa Makoroboi mwenye mauzo chini ya milioni 4 alilipa 20,000 akafanya kazi mwaka mzima. Sisemi turudi kule. Nasema hata yule alielewa anacholipia.

Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 mnaikumbuka, watu walivyorudi kubeba hela kwenye soksi? Mimi nilibaki kwenye simu. Huo uaminifu ndio umenifikisha hapa.

Jirani ananiambia nipinge. Pingamizi lina siku 30, na sharti uweke kwanza theluthi moja ya kodi, au kiasi usichobishia, kile kilicho kikubwa. Theluthi ya 511,000 ni 170,333. Yaani ili niseme sidaiwi nyingi hivi, nilipe kwanza kuliko ninachodaiwa!

Kuna mtu humu amewahi kupeleka makadirio yaliyorekebishwa akiwa na daftari la kikoba kama ushahidi? Walilipokea, au walitaka barua ya mtendaji wa mtaa? Wenye uzoefu tu, wa "lipa kodi ujenge taifa" wapite kimya.

NYONGEZA: Anayeuliza kwa nini sina laini mbili, ninazo tangu jana. Asubuhi hii wateja wawili wametuma hela kwenye ya zamani, na mama mmoja wa kikoba katuma hisa kwenye ya viatu.