Filamu uliyoirudia mara kibao na ile iliyokuudhi mpaka leo: tupeane uzoefu

Mzee wa Dek
Wakuu, jana usiku nimeikuta Sholay, ile ya Kihindi, kwenye king'amuzi, nikaganda mpaka saa nane na asubuhi kazini. Picha ya 1975, lakini Amitabh akipigwa risasi pale darajani bado roho inaniuma. Banda la video mtaani kwetu sheria ilikuwa moja, steringi hafi. Siku ya kwanza tunaiona, watu walisimama wakamwambia mwenye dek arudishe nyuma, wakidhani kanda imeliwa.

Ninazochukia ni za kwetu zile za Part 1 na Part 2. Mtu anashuka kwenye gari, anafunga mlango, anatembea, anabonyeza kengele, mlinzi anakuja polepole, geti linafunguliwa, na kinanda cha huzuni kinalia muda wote huo. Tiririkeni.

Binti Barabara ya 7
Mlinzi anakuja polepole 😂😂 nimekufa.

Kaka Tupu
Mnaziponda za Kibongo kana kwamba hamkulia mwigizaji wetu Kanumba alipofariki. Ule umati wa kumuaga viwanja vya Leaders Aprili 2012 ulikuwa wa nani?

Mzee wa Dek
Nilikuwepo, mkuu. Kumlilia Kanumba hakunizuii kuchoka na geti.

Mwanaisimu
Kwa faida ya wote, mwisho wa Sholay mliozoea kuuona sio wa kwanza. Awali yule Thakur aliyekatwa mikono alimmaliza jambazi Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Bodi ya ukaguzi ya India ikakataa raia kujichukulia sheria mkononi, ikabidi ipigwe upya, polisi waje kumkamata.

Kipanga
Ndiyo maana polisi wanafika kila kitu kimeisha. Kama huku.

Omosh wa Eastlands
Mimi bila DJ Afro kuitafsiri kwa Kiswahili sioni movie. Nilijaribu Commando na sauti yake ya kawaida nikashangaa, kumbe Arnold ni mtu wa maneno machache hivyo! Miaka yote nilidhani ana mdomo.

Kaka Tupu
Nyie mna Afro, sisi tulikuwa na Lufufu. Mzee akitafsiri hata Wachina wakipigana kimya unaelewa wanagombea nini.

Mie wa Ng'ambo
Mie niliingoja Vuta N'kuvute kwa hamu hasa. Kitabu cha Adam Shafi nimekisoma skuli mpaka jalada likatoka. Nikaenda kuiona na bibi. Picha zinapendeza, sikatai, mwanga ule na vichochoro vile ndio kwetu. Lakini kitabu kinakwenda mbio, Denge anasakwa, Yasmin anahangaika, hulali. Filamu inanong'ona. Bibi kalala katikati, kaamka, kauliza kama umeme umekatika.

Mwanaisimu
Filamu si kitabu. Shivji aliyeiongoza hakutaka kila kitu kisemwe kwa mdomo. Ilichaguliwa kuonyeshwa Toronto 2021, wewe unalalamika bibi alisinzia.

Mie wa Ng'ambo
Toronto wameishi Unguja miaka ile ya Mwingereza? Bibi kaishi.

Kipanga
Hapo umepigwa, kaa chini.

Mama Wawili
Yangu ni Titanic, naipenda na naichukia kwa mpigo. Ndio kwanza nimeolewa, tunakwenda Mbeya msibani, mume ametangulia. Shemeji kakata tiketi bila kuuliza, najikuta siti ya watu wawili na baba mkwe. Mnyakyusa, mzee wa kanisa, suti na kofia, Biblia mapajani. Wanaojua mila za kule wanaelewa, zamani mkamwana akimwona mkwe njiani anaingia vichakani. Mimi tumegusana mabega.

Kutoka Msamvu konda kaweka Titanic, kaenda kulala mbele mdomo wazi. Tunaingia Mikumi, Rose anamwambia Jack amchore bila nguo. Basi limepunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, na skrini iko juu ya vichwa vyetu. Mzee akakohoa, akanionyesha dirishani: "Mwanangu, tazama swala." Nikatazama. Nyasi tupu. Nikasema, "Ni wengi kweli, baba."

Ngojeni mtoto analia, narudi.

Binti Barabara ya 7
WEWE RUDI HAPA. Ile ya mapenzi ndani ya gari haijafika bado!

Kipanga
Nyasi tupu halafu "ni wengi kweli, baba" 🤣 Huyu ni mke.

Omosh wa Eastlands
Sasa mzee alisema nini? Chai yangu inapoa.

Mama Wawili
Nimerudi. Ya ndani ya gari ikafika. Kioo kimejaa mvuke, ule mkono ukapiga kioo paa! Mzee akafungua Biblia, akaiinua mpaka puani. Nyuma kuna kijana akapaza sauti, "Konda, rudisha kidogo!" Basi zima likacheka isipokuwa siti yetu.

Hatukusema neno mpaka Kitonga. Basi linajikongoja kwenye kona, kwenye skrini Jack yuko majini anatetemeka, Rose kalala juu ya ubao. Nasikia mtu anavuta kamasi. Mkwe wangu analia, leso imelowa. Akanigeukia: "Lakini ule ubao wangekaa wote wawili." Kuanzia hapo mpaka Makambako tulibishana kuhusu ubao. Mpaka leo akinipigia simu lazima auchokoze.

Mzee wa Dek
Basi nifunge uzi, nimeshapokonywa.

Kaka Tupu
Mzee yuko sahihi. Rose alijinyoosha kama yuko kitandani kwao.

Mwanaisimu
Shida haikuwa nafasi, ubao ungezama kwa uzito. James Cameron alifanya majaribio na watu wawili kwenye maji baridi, yakaonyeshwa 2023. Akakubali kwamba kwa mkao fulani Jack labda angepona.

Kaka Tupu
"Angepona." Asante kwa kukubaliana nami.

Mwanaisimu
Nimesema LABDA. Soma.

Binti Barabara ya 7
Ushauri kwa wanaosafiri na wakwe: jifanye umelala tangu Kibaha.

Kipanga
Usilale, utamwegemea begani. Bora umpigie konda filimbi aweke kwaya.

Mie wa Ng'ambo
Au mchukue mkamuone Vuta N'kuvute, atalala mwenyewe.

Mwanaisimu
Sijibu.

Mgeni Rasmi
Samahani kuingilia, naomba jina la picha. Jamaa mmoja alikuwa jeshini akaacha, mkewe akauawa, akarudi kulipiza kisasi. Ana bunduki. Niliiona zamani.

Mzee wa Dek
Mkuu, hizo ni zote.