Wakuu, nataka kujenga dunia yangu ya kubuni na viumbe vyake, naanzia wapi?

DogoWaKigamboni

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Mi ni kijana nakaa huku Kigamboni, nina stori ndefu kichwani, ikibidi baadae iwe komiki, na inatokea kwenye dunia ambayo haipo kabisa, yani sio Tanzania sio Ulaya. Mpaka sasa nna vitu viwili tu ambavyo haviniachi. Cha kwanza ni mji wa pwani ambao juu yake kuna miezi miwili. Cha pili ni mnyama mkubwa, mkubwa kweli, saizi ya ghorofa, na watu wa huo mji wanaishi nae siku zote sio kwamba wanapigana nae. Huyo mnyama namuona kabisa, ngozi yake ina rangi ya yale matope ya mikokoni yakianza kukauka, anatembea taratibu maji yakiwa yamekupwa.

Sasa nikikaa kuandika ndo kazi inapoanza, maana kila anayefundisha haya mambo mtandaoni ana lake, huyu anasema chora ramani kwanza, huyu historia ya miaka elfu, mwingine anasema tunga lugha, dini, wafalme, pesa, ukijumlisha vyote ni miaka mingi na ukurasa wa kwanza wa stori haujaandikwa. Naomba mnisaidie, nyie mnaanza na nini? Mnyama unamtengenezaje mpaka msomaji amuamini? Na sayansi ni lazima? Kitu kimoja nnachojua ni kwamba nataka dunia inayonukia huku kwetu, sitaki theluji na ngome za mawe ambazo sijawahi hata kuziona. Natanguliza shukrani.

MajiMafu

Dogo ramani achana nayo kwanza, utaichora baadae ukishajua watu wanaenda wapi na wanafuata nini. We tayari una vitu viwili vizuri sana na bahati nzuri vinakutana sehemu moja, vinakutana kwenye maji.

Ngoja nieleze maana hii ndo ninayoipenda. Sisi na mwezi wetu mmoja maji yanajaa mara 2 kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50, ndo maana mvuvi anatazama mwezi kabla hajatazama saa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu unakuwa mstari mmoja na jua, vinasaidiana kuvuta, tunapata bamvua, hapa Dar tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, bahari kama imechoka. Haya ni ya mwezi mmoja tu. Sasa we umeweka wa pili! Mvuto wa mwezi kwenye bahari unategemea sana umbali, ukiusogeza ukawa nusu ya umbali wa sasa mvuto hauwi mara 2, unakuwa mara 8. Kwa hiyo hata kamwezi kadogo kenye uzito wa moja ya nane ya huu wetu, kakikaa nusu ya umbali, kanavuta maji sawasawa na mwezi wetu wote. Na kwa sababu kako karibu kanazunguka haraka, kama siku 10 kanamaliza mzunguko, maana yake kila baada ya wiki mbili hivi kanaupita ule mkubwa.

Umeona kinachotokea hapo? Mji wako una kalenda tayari na hujatunga hata mfalme mmoja. Kuna siku miezi yote miwili inakaa mstari mmoja na jua, bamvua la siku hiyo linaingia mpaka mitaani, af masaa 6 baadae maji yanakimbia mbali mpaka sakafu ya bahari inabaki wazi. Nani anajenga chini? Nani ana hela ya kujenga juu? Madeni yanalipwa siku gani? Mtoto aliyezaliwa usiku huo wanamchukuliaje? We shuka ufukweni hapo kwenu siku ya bamvua, waangalie kinamama wanaotoka na ndoo kuokota kome na wanaofuata pweza, uone wanavyojua mpaka dakika ya kugeuka. Watu wa mji wako ni hao hao ila hatari yao ni kubwa zaidi.

Ticha_Bios

Naunga mkono hapo juu, na mimi nijibu la mnyama. Nafundisha baiolojia kwa hiyo mnivumilie nikienda ndani kidogo.

Ukubwa una gharama yake. Chukua mnyama yeyote umfanye mara 2 kwa urefu, upana na kimo, uzito wake unakuwa mara 8 lakini eneo la mfupa ukiukata katikati linakuwa mara 4 tu. Kila kipande cha eneo hilo sasa kinabeba mara 2 ya mzigo wake wa zamani. Ndo maana miguu ya tembo imenyooka kama nguzo na ya swala imekunjika, huwezi kumchukua swala ukamkuza tu akawa ghorofa, atavunjika. Ila saizi ya ghorofa inawezekana na ushahidi uko hapa hapa nchini. Tendaguru kule Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, wapagazi wakaibeba kichwani na mabegani kwa miguu mpaka bandarini Lindi, na mmoja wao leo amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, ana zaidi ya mita 13 kwenda juu. Hiyo ni ghorofa nne. Pingili za shingo yake zilikuwa na matundu ya hewa ndani ndo maana aliweza kuinyanyua. Na twiga tunayemuona kila siku ana pingili 7 za shingo kama mimi na wewe, ila moyo wake una kilo kama 11 na presha yake ni kama mara mbili ya yetu ili damu ifike kichwani. Kila ukubwa unaompa mnyama wako lazima kuna sehemu ya mwili inayoulipia.

Sasa wa kwako anatembea matopeni. Mimi ningemfanya wa majini, maji yanambebea uzito. Halafu changanya na alichosema MajiMafu, bamvua likikimbia mnyama anabaki mkavu, uzito wake mwenyewe unamlemea, ngozi inaanza kupasuka kwa jua. Kiboko nae ngozi yake haivumilii jua muda mrefu, inatoa majimaji mekundu ya kuilinda. Kwa hiyo siku hiyo mnyama anawahitaji watu, wammwagie maji, wamfunike na makuti, wakeshe nae mpaka maji yarudi. Unaona, swali la kwa nini wanaishi pamoja limejijibu.

Halafu chakula. Tembo mkubwa anakula kilo 150 hivi kwa siku, wa kwako atakula zaidi ya hapo mara nyingi. Anakula nini, majani ya mikoko? Basi msitu wake uwe mkubwa angalau kama delta ya Rufiji na wanyama wenyewe wawe wachache. Akila nyama ndo wawe wachache zaidi, maana kila hatua ya mlaji na mliwa ni kama asilimia 10 tu ya nguvu ndo inavuka kwenda juu.

Jongoo_la_Mti

Mi napingana kidogo na ticha kwa heshima zote. Bibi zetu walitusimulia zimwi linalomeza kijiji kizima na ng'ombe zao na hakuna aliyeuliza mifupa yake ina unene gani, na tulikuwa tunaogopa kutoka nje kukojoa. Dogo akianza kupiga hesabu za presha ya damu stori itakufa.

Ticha_Bios

@Jongoo_la_Mti hapo sipingi, ila angalia lile zimwi lenyewe. Lina sheria zake na hazivunjwi. Linameza lakini halitafuni, kwa hiyo watu wako hai ndani. Kuna kidole kimoja tu ukikikata wote wanatoka. Linaimbiwa likalala. Ndo maana tuliogopa, tulijua linafanya kazi vipi. Sijamwambia aandike hesabu kwenye stori, nimemwambia azijue yeye ili mnyama asibadilikebadilike kila ukurasa mpya unavyotaka.

Jongoo_la_Mti

Hapo nimekuelewa mkuu. Basi dogo hata ukitaka jini weka jini, ila mpe mwiko wake na wewe mwenyewe uuheshimu mwanzo mpaka mwisho.

DadaWaFeri

Mdogo wangu hongera kwa wazo, limenigusa. Mi sio mtu wa sayansi, nafanya biashara ya samaki Feri na jioni naandika. Wanaume wote hapo juu wamezungumzia mnyama na mwezi, watu je?

Mfikirie kakakuona. Mnyama mwenyewe mdogo, hana meno, anakula mchwa na sisimizi, ukimtisha anajikunja mviringo anabaki magamba tu. Lakini akionekana kijijini watu wanakusanyika, wanamwekea maji, mahindi, jembe, silaha, wengine na kitabu, wote wanatulia waone atakwenda kwenye kipi, akienda kwenye maji basi mwaka huu mvua ipo. Kile kitendo cha watu wazima kunyamaza wakisubiri kinyama kigeuze kichwa, mimi hapo naona dunia nzima. Najua wanaogopa nini, wanalima nini, nani anaheshimiwa asimame mbele. Mnyama wako wa ghorofa mpe kitu kama hicho. Watu wanamuomba nini? Wanamlaumu kwa lipi?

Halafu kaa nae kila siku. Mnyama mkubwa hivyo hawawezi kuwa wanamshangaa kila asubuhi. Kuna mtu anayelipwa kuzoa kinyesi chake na kuna dalali anayekinunua kupeleka mashambani. Kuna watoto wanaokwangua kaa na konokono waliojishika kwenye miguu yake wakauze fungu kwa fungu. Kuna mama ambaye mume wake alilaliwa na huyo mnyama usiku wa bamvua, na yeye kila asubuhi anapita pale pale na beseni kichwani. Mimi ningeanza na huyo mama, sasa zamu yake ya kummwagia maji imefika na wote wanamwangalia ataenda au hatoenda. Ukiandika hiyo siku moja utagundua mwenyewe nani anapanga zamu, na ndo serikali yako hiyo. Hujatunga wafalme.

Mchoraji_Mwenge

Wakuu nimechelewa. Kwa kuwa umetaja komiki nikupe ya upande wa kuchora tu. Usianze na uso wala pembe, wote wanaanza hapo na viumbe vyao vinafanana. Anza na mguu. Mguu unakuambia anakanyaga wapi. Wayo wa tembo una mto wa mafuta ndani, akikanyaga unatanuka, akiinua unasinyaa, kwa hiyo hanasi kirahisi kwenye tope. Ukishaujua mguu panda kwenye goti, bega, uti wa mgongo, mdomo uje mwisho kulingana na anachokula.

Na ukipata nafasi njoo Mwenge kwenye vinyago ukae uangalie shetani za Kimakonde. Mchongaji anafuata gogo la mpingo lilivyojipinda, palipo na kota panakuwa mgongo, tawi linakuwa mkono, halafu kiumbe kina jicho moja, sikio limeshuka mpaka kiunoni, lakini ukikiangalia kimesimama, uzito wake umekaa sawa kabisa. Mzee Tingatinga nae alipoanza kuchora hapa hapa Dar mwaka 1968 alitumia ubao na rangi za mafuta za kawaida za dukani, na wanyama wake hawafanani na wa kwenye picha za kamera lakini kila mtu anajua huyu chui, huyu kanga. Unaposema unataka dunia inayonukia kwetu hayo ndo madarasa, na ni bure.

DogoWaKigamboni

Wakuu sina la kusema, nimesoma zote na nimenakili kwenye daftari. @DadaWaFeri dada yule mama na beseni umenimaliza, naomba ruhusa nimtumie. Nimeamua hivi: mnyama ni wa majini, anakula mikoko, wako wachache, kwenye mji wangu yuko mmoja tu na ni mzee. Miezi ni miwili kama alivyosema MajiMafu, mkubwa na kale kadogo kanakokimbia. Ramani sichori. Naanza na siku ya bamvua kubwa, asubuhi, maji yameshaondoka na mnyama amelala.

Swali la mwisho, kama yuko mmoja na ni mzee, akifa inakuwaje? Mji unabaki na nini?

DadaWaFeri

Mtumie mdogo wangu, ni wako. Na hilo swali lako usilijibu leo, wape wahusika walijibu, kila mmoja ana lake, dalali hawezi kujibu sawa na yule mama.

Ticha_Bios

Ila amua alizaliwa lini na wenzake walienda wapi, hata kama hutaliandika.

Mchoraji_Mwenge

Ukishachora mguu uweke hapa tuuone, penseli inatosha, rangi bado.

DogoWaKigamboni

Sawa mkuu, Jumapili nauweka. Yule mama nae nshaanza kumuandika, anaitwa Bi Mwanahawa.